Namna ya Kuipima Gemu kwa Mruko Wake

Ukitaka kujua kama gemu ya kuruka majukwaani imetengenezwa kwa ustadi, usianze na picha zake. Tafuta mahali pasipo na adui, kisha tembea, kimbia na ruka. Gemu isiyotii mkono hapo haiokolewi na rangi wala muziki. Usiulize kama mwendo wake unafanana na wa dunia yetu. Uliza kama una kanuni, na kama kanuni hiyo inamtendea haki mchezaji.

Kuanza na kusimama. Katika Super Mario Bros. ya Nintendo (1985), Mario hapati kasi yake yote papo hapo, na akigeuka ghafla huteleza kidogo. Utelezi huo ndio unaoupa mwili wake uzito. Kimbia hadi ukingoni usimame, urudie mara kadhaa. Mhusika akiteleza kwa kiasi kilekile kila mara, mkono utajifunza. Akiteleza leo hivi na kesho vile, hapo pana kasoro.

Kuruka. Gusa kitufe, kisha kishikilie. Kwa Mario, mvutano wa kumrudisha chini huwa mdogo anapopanda kitufe kikiwa kimeshikiliwa. Ukikiachia, huongezeka mara moja. Mwili halisi hauruki hivyo, lakini mchezaji hupata uwezo wa kuamua kimo akiwa tayari hewani. Castlevania ya 1986 ilichagua njia nyingine: ukisharuka, huwezi kubadili mwelekeo. Hilo nalo ni sahihi, maana maadui na ngazi zake vilipangwa kumdai mchezaji aamue kabla ya kuruka. Pima mruko pamoja na uwanja wake, usiupime peke yake.

Msamaha wa ukingoni. Jicho na kidole haviendi sawasawa. Watengenezaji wa Celeste (2018) walilijua hilo: ukishapita ukingo, gemu bado inaupokea mruko kwa muda mfupi sana, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ukibonyeza kabla kidogo ya kutua, amri yako inahifadhiwa hadi miguu iguse chini. Kichwa kikigonga kona ya dari, mhusika husogezwa kando kidogo apite. Msamaha mzuri hauonekani. Ukiona mtu anaruka kutoka hewani waziwazi, msamaha umezidi.

Mgongano. Mara nyingi programu haipimi mchoro wenyewe, bali maumbo sahili yasiyoonekana, hasa mistatili. Fundi stadi hulipunguza umbo linalodhuriwa na kulipanua lile linalookota sarafu. Katika mfululizo wa Touhou, ambamo risasi hujaza skrini, sehemu ya mhusika inayoweza kupigwa ni nukta ndogo katikati ya mwili. Acha risasi ipite karibu na nywele. Ukifa kwa kitu ambacho jicho limeona hakikukugusa, fundi alizembea.

Kasi kubwa. Gemu huhesabu mwendo kwa hatua, mara nyingi 60 kwa sekunde. Kitu kinachokwenda pikseli 20 kwa hatua kinaweza kuwa mbele ya ukuta wa pikseli 10, na hatua inayofuata kikawa nyuma yake, bila programu kuona mgongano wowote. Dawa ni kukagua njia nzima. Celeste humsogeza mhusika pikseli moja moja, mlalo na wima kila kimoja kwa zamu yake. Kwa hiyo jaribu kuta nyembamba na kona kwa kasi ya juu kabisa. Kisha tembea juu ya sakafu tambarare iliyoungwa kwa vigae: mhusika asinase kwenye maungio.

Mwisho, tenganisha ladha na kasoro. Mwili mzito au mwepesi, mruko mrefu au mfupi, ni ladha, na kila fundi ana yake. Lakini kitendo kimoja kikizaa matokeo mawili bila sababu inayoonekana, hiyo ni kasoro, hata kama gemu imesifiwa na dunia nzima.