Hakimu na Wasichana Wanne

Zipo filamu ambazo watu wazima huona haya kuzitaja, na miongoni mwake ni zile za Marekani za miaka ya 1950 kuhusu magenge ya wasichana. Zilitengenezwa upesi na kwa fedha kidogo, zikanadiwa kwa mabango ya wasichana wakorofi. Mimi ni mwalimu mstaafu niliyepita miaka sabini, na huenda msomaji akauliza ninazifuatia nini. Nazifuatia kwa sababu zinadai kufundisha, na mtu akidai kufundisha, mwalimu ana haki ya kulikagua somo lake.

Nichukue moja, The Violent Years ya mwaka 1956, iliyoongozwa na William Morgan. Hadithi yake iliandikwa na Ed Wood, ambaye kitabu kimoja cha mwaka 1980 kilimtawaza kuwa mwongozaji mbaya kupita wote. Mwaka 1994 kipindi cha televisheni kiitwacho Mystery Science Theater 3000 kiliionyesha ili kuicheka. Kuicheka ni rahisi, kwani waigizaji husema kama wanafunzi waliokariri risala. Hata hivyo, kicheko hicho kimewafanya wengi wasilitazame somo lenyewe.

Mwanzoni tunaonyeshwa ubao wa darasani ulioandikwa mambo ya uraia mwema, kujizuia, adabu na uaminifu. Wasichana wanne wanapita mbele yake mmoja mmoja, wanayatazama maneno yale kwa dharau, wanakwenda zao. Kiongozi wao, Paula Parkins, ni binti wa nyumba yenye nacho. Baba ni mtu wa gazeti, mama anashughulika na kazi za hisani. Fedha anapewa, gari anapewa, lakini mama hana nafasi ya kuketi naye. Usiku Paula na wenzake wanapora vituo vya mafuta, na baadaye wanakubali kazi ya kuharibu shule. Polisi wanafika, risasi zinalia, na Paula anaua askari. Anahukumiwa kifungo cha maisha, kisha anafariki akijifungua. Wazazi wake wanaomba wamlee mjukuu. Hakimu anakataa, na anawahubiria kwa kirefu juu ya malezi.

Mahubiri hayo kwanza yana kazi ya kibiashara. Baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1948, studio kubwa zililazimika kuachana na majumba yao ya sinema, na televisheni nayo ikawabakiza watu wazima nyumbani. Watengenezaji wadogo wakawageukia vijana, hasa katika viwanja ambamo watu hutazama filamu wakiwa ndani ya magari. Lakini bodi za ukaguzi zilikuwapo, na mwaka 1955 kamati ya Seneti chini ya Estes Kefauver ilisikiliza mashahidi Los Angeles juu ya filamu na uhalifu wa vijana. Kwa hiyo hakimu wa mwisho ni kama kibali cha njia. Karibu saa nzima ya bastola inapitishwa kwa dakika chache za nasaha.

Lakini linaloniuma zaidi ni jingine. Somo la hakimu Waswahili walikwisha kulifupisha: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali ya kweli, ila mtendaji ndani yake ni mlezi. Hakimu anawalaumu wazazi kwa kutomsikiliza binti yao, na filamu nayo haimsikilizi. Sababu za Paula zinatolewa na watu wazima; yeye ameachiwa majibu ya kejeli tu. Mwalimu aliyeketi katika vikao vya nidhamu anakifahamu kikao cha namna hiyo. Mzazi anasema, mkuu anasema, mlezi wa bweni anasema, na msichana amesimama akitazama sakafu. Kumbukumbu zinajaa ukurasa, na hamna humo sentensi yake hata moja.

Linganisha na Switchblade Sisters ya mwaka 1975, ambayo Quentin Tarantino aliirudisha katika majumba ya sinema mwaka 1996. Mwongozaji wake, Jack Hill, aliazima njama kutoka Othello ya Shakespeare. Patch, mwenye kiraka jichoni, anamtia Lace, kiongozi wa genge, wivu juu ya Maggie aliye mgeni kundini, kama Iago anavyomfanyia Othello. Filamu hii si safi. Inauchuuza hata ubakaji, nami nisingeiweka mbele ya wanafunzi. Lakini wasichana hawa wana fitina zao, wivu wao na uaminifu wao, neno lile lile lililodharauliwa ubaoni mwaka 1956, na kwa hayo wanapigana hadi kufa. Mwishoni Maggie anachukuliwa na polisi huku akiwapigia kelele, wala hatokei mzee wa kutueleza kelele hizo maana yake nini. Tunalazimika kumsikiliza mwenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoicheka The Violent Years, wala na wanaoyaamini mahubiri yake. Ningekuwa bado nafundisha walimu, ningewaonyesha wanachuo mwisho wake mpaka pale hakimu anapofungua kinywa. Hapo ningeizima, nikamtaka kila mmoja aandike maswali matatu ambayo angemwuliza Paula kabla ya kumwambia neno lolote.