Funguo Nne na Sauti Moja

Filamu nzuri ya wizi huanza kwa hesabu. The First Great Train Robbery, ambayo Michael Crichton aliiongoza kutokana na riwaya yake mwenyewe ya 1975, inatupa hesabu hiyo kabla hatujakaa vizuri. Mwaka ni 1855. Uingereza na Ufaransa zinapigana na Urusi huko Crimea, na askari wa Kiingereza hulipwa kwa dhahabu. Kila mwezi dhahabu ya pauni 25,000 hutoka benki moja ya London, hupakiwa kwenye treni ya Folkestone na kufungiwa ndani ya sefu mbili za Chubb katika behewa la mizigo. Kila sefu ina vitasa viwili, kwa hiyo funguo ni nne: mbili zimefungiwa katika ofisi ya stesheni, moja anayo mkuu wa benki, na ya nne anayo meneja wake. Anayetusomea orodha hiyo ni Sean Connery, naye ndiye mwizi.

Aliyezoea vibanda vya video vya Kibera na Kawangware, Nairobi, hashangazwi na mwanzo huo. Sauti ya mtu anayejua kila kitu imekaa juu ya picha na inakuweka sawa kabla mambo hayajachacha. Kinachoshangaza ni kwamba baada ya dakika chache Connery ananyamaza na kutuachia tujitegemee. Mtaani kuna watu ambao kazi yao ni kutonyamaza, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza fundi wao aliyebobea angeishikaje filamu kama hii.

Tunawaita madijei wa movi, wasimulizi wanaoongea juu ya filamu inapoendelea, na jina kubwa kuliko yote nchini Kenya ni DJ Afro. Sauti yake huisikia kabla hujakiona kibanda. Kibanda chenyewe ni chumba cha mabati kisicho na dirisha la maana, benchi zisizo na egemeo, pazia zito mlangoni, spika zinazotikisa ukuta wa jirani na ubao wa chaki unaotaja ratiba ya siku. Kiingilio ni shilingi 10 au 20. Mwisho wa juma, ligi ya Uingereza hutawala, Gatina ya Kawangware na Makina ya Kibera vilevile. Saa zilizobaki ni za makomando, za Wachina wanaoruka mapaa, na za Wahindi wanaolipiza kisasi cha baba.

Msikilize kwa makini anavyofanya kazi. Hahangaiki kuiga sauti ya kila mtu. Mwanamke, mtoto, jambazi na rais wa Marekani wote huongea kwa koo moja, na bado huchanganyikiwi. Humtaja mtu kwanza, kisha hali aliyomo, kisha maneno yake, na yote hayo huyamaliza midomo ya kwenye skrini ikiwa bado inacheza. Staring hutambulishwa mapema ili kila mtu ajue nani hatakufa leo. Sauti ya filamu haizimwi kabisa. Hushushwa anapoongea na kuachiwa risasi zinapolia, na katika pengo kati ya mngurumo na mngurumo, yeye huingiza kicheko, onyo, umbea kidogo kuhusu adui, na jina la mtaa ambao mtengenezaji wa filamu hajawahi kuusikia.

Wengi hudhani hii ni kazi ya kutafsiri. Ingekuwa hivyo, ingekufa zamani, maana walioketi kwenye benchi hizo wamefanya mitihani yao kwa Kiingereza na Connery wangemfuata bila shida, lafudhi yake ya Uskoti tu ndiyo ingewasumbua. Wanalipia kupangiwa habari. DJ ameshaiona filamu mpaka mwisho na wao hawajaiona. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wake, na namna anavyoutumia kidogo kidogo ndiyo ufundi wenyewe.

Kwenye filamu ya ngumi mtaji huo haupungui haraka, kwa sababu ngumi hata ukiitangaza bado inapendeza ikitua. Filamu ya wizi ni mtihani mwingine. Yenyewe tayari imepanga habari: kuna mpango ambao wezi wanaujua na sisi hatuujui, kuna jambo tunalolijua ambalo polisi hawalijui, na kuna ajali isiyojulikana na yeyote ila mwandishi. DJ akifungua mdomo nusu dakika mapema, amewaibia waliolipa. Akichelewa, watu wa nyuma wataanza kuulizana kwa sauti na maneno yake yatapotelea humo.

Madaraka haya ya msimulizi ni ya zamani kama sinema yenyewe. Mwaka 1903 Edwin Porter alitengeneza The Great Train Robbery, filamu bubu ya kama dakika 12 kuhusu majambazi wa treni Marekani. Ina picha maarufu ya jambazi anayeelekeza bastola kwa watazamaji na kufyatua. Kampuni ya Edison iliwaambia waonyeshaji wachague wenyewe kuiweka mwanzoni au mwishoni. Yaani mtu wa ukumbini ndiye aliyeamua hadithi ianze na hofu au iishie nayo. Japani wasimulizi wa filamu bubu, waliojulikana kama benshi, walikuwa mastaa. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao, mpaka filamu zenye sauti zilipowanyima kazi. Huku kwetu sauti haikuwaua. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, ambaye kanda zake zilitembea kote Tanzania. Uganda ina mavijei wake, na katika Who Killed Captain Alex ya 2010, Nabwana wa Wakaliga amemwacha VJ Emmie ndani ya filamu yake mwenyewe, akiisifu na kuicheka palepale inapoendelea. Hatua hiyo ni ya akili sana: kama msimulizi ataingia tu, afadhali apewe kiti.

Sasa turudi kwenye treni. Ukimwekea DJ filamu hii Kibera, sehemu ya kazi ameshafanyiwa, maana treni haihitaji maelezo pale. Inapita mlangoni. Njia ya Kisumu ni mradi wa enzi za Malkia Victoria, huyohuyo aliyetawala 1855: ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899 na ziwani Desemba 1901, miezi 11 baada ya malkia kufariki. Wachuuzi hutandaza bidhaa kando ya mataruma na honi ikilia kila mtu anajua asogee kiasi gani. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waliing'oa reli hiyo hapo Kibera. Na mbele zaidi kwenye njia hiyo, reli ilipokuwa changa, Wanandi waliichukua waya ya simu wakatengeneza mapambo, na vyuma vya reli wakatengeneza silaha. Vita vyao na Waingereza viliendelea mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa Oktoba 1905. Wizi wetu wa reli wa enzi ya Victoria upo, ila hakuna aliyeutengenezea filamu. Kawangware hakuna reli, kuna matatu za 46, kwa hiyo huko DJ itabidi aongeze sentensi moja au mbili kuhusu behewa la mizigo.

Nusu ya kwanza ni ya kukusanya funguo, na nusu hiyo ndiyo ingemponza DJ mvivu. Watu wenye kofia ndefu wanaongea kwa adabu ndani ya vyumba vyenye mapazia. Pierce, yaani Connery, anamchumbia binti wa mkuu wa benki ili ajue ufunguo unalala wapi. Unalala kwenye ghala la mvinyo. Hapa maneno mengi yanaruhusiwa, hata yanahitajika, kwa sababu filamu inategemea ujue tabaka la kila mtu kutokana na koti lake, na koti la Mwingereza wa 1855 halimwambii chochote kijana wa Lindi ya Kibera. DJ atasema tu: huyu ni sonko, huyu anajifanya sonko. Ufunguo wa meneja unapatikana kwenye danguro, akiwa amevua nguo, na hapo namhurumia DJ yeyote, kwa sababu vibandani watoto huwa wamejipenyeza licha ya pazia.

Halafu inafika ofisi ya stesheni. Mlinzi wa usiku huondoka mara moja tu, kwenda chooni, na akitoka kuna dakika moja na ushei. Clean Willy, anayechezwa na mcheza baleti Wayne Sleep, amepanda kuta zisizopandika ili afungue kutoka ndani. Agar, ambaye ni Donald Sutherland, anakimbia juu, anazikandamiza funguo kwenye nta moja baada ya nyingine, anazirudisha, anashuka. Nta hiyo kila mtu mtaani ataielewa, kwa sababu kipande cha sabuni kimefanya kazi hiyohiyo, na fundi wa kuchonga funguo yuko kwenye kona.

Ningependa DJ aseme yake yote kabla. Aeleze mlinzi ni mtu wa namna gani, choo kiko umbali gani, na kila ufunguo unahitaji nini. Mlinzi akishageuka, DJ afunge mdomo kabisa mpaka nyayo zirudi. Ni jambo gumu kwa mtu anayelipwa kuongea, na madijei wa kawaida hawaliwezi; huogopa kwamba wakinyamaza tutadhani kanda imeharibika. Mtazamaji aliyepangiwa vizuri anajihesabia mwenyewe, na hesabu ya kimoyomoyo hutetemesha zaidi kuliko ya spika.

Kwenye jeneza mambo yanageuka. Benki imeshtuka, ulinzi umeongezwa, behewa limefungwa kwa nje na hakuna abiria anayeruhusiwa humo. Agar anaingizwa kama maiti, uso umepakwa rangi ya kijani, ndani pamewekwa paka aliyekufa ili harufu iwe ya kweli. Miriam, anayechezwa na Lesley-Anne Down, analia kama dada wa marehemu. Hapa Kibera ina utaalamu kuliko London. Watu wanaosafirisha wapendwa wao hadi Siaya na Kakamega, wanaojua michango, kibali, na basi la usiku lenye jeneza, watauliza swali ambalo hakuna mlinzi wa reli aliyeliuliza: kamati ya mazishi iko wapi? Maiti gani husafiri na dada mmoja? DJ mwenye akili ataliuliza swali hilo yeye kwanza, kisha amcheze mlinzi anavyoziba pua na kuutaka mfuniko urudishwe haraka. Sisi tunajua aliyelala ndani, mlinzi hajui, na katika nafasi hiyo maneno ni halali kadiri mtu atakavyo.

Kisha Pierce anapita juu ya treni ili alifikie behewa hilo kwa nje, na hapo kila mtu angependa kuongea, na kwa haki. Connery alitembea mwenyewe juu ya treni inayokimbia, bila mtu wa kumwakilisha. Picha zilipigwa Ireland, na stesheni ya Heuston ya Dublin ikasimama badala ya London. Injini hiyo ya zamani haikuwa na kipima mwendo. Treni iliyotakiwa kwenda kama kilomita 55 kwa saa ilifika karibu 90. Mpiga picha Geoffrey Unsworth anatuonyesha daraja kabla Pierce hajaliona, na benchi nzima itainama pamoja naye. Kumtangazia mtu daraja analoliona si kumharibia. Ni kupiga kelele naye, na kelele hiyo ndiyo imewatoa watu nyumbani wakati wangeweza kuitazama kwenye simu.

Mwishowe Pierce anakamatwa, na mahakamani anaulizwa kwa nini alitenda uovu mkubwa hivyo, naye anajibu kwamba alitaka pesa. Namwomba DJ asiongeze mahubiri hapo, ingawa najua wengi wao hupenda kuwaonya vijana. Jibu hilo lina uzito wake kwa watu waliolipa shilingi 20 kulisikia.

Baadaye Pierce anatoroka, majina yanaanza kupanda, na kwa kawaida dakika hizo huwa za DJ kujipigia debe. Afadhali awatulize watu na kuwapa kisa cha kweli, ambacho Crichton alikiacha. Wizi wenyewe ulifanyika Mei 1855, na dhahabu ilikuwa ya kama pauni 12,000. Wezi walikuwa William Pierce, Edward Agar, mlinzi wa treni James Burgess na karani wa reli William Tester. Risasi za kuwindia ziliwekwa mahali pa dhahabu ili uzito usipungue sana. Hawakukamatwa kwa upelelezi. Agar alifungwa kwa kosa jingine, akamwachia Pierce pesa za kumtunza mpenzi wake Fanny Kay na mtoto wao, naye Pierce akazila. Mama huyo akaenda kusema, na Agar, kusikia hivyo, akatoa ushahidi wote. Januari 1857 Burgess na Tester walihukumiwa kupelekwa uhamishoni miaka 14. Pierce, aliyekula pesa za mtoto, alipata miwili. Benchi la Kibera likisikia hesabu hiyo litapiga kelele hata baada ya televisheni kuzimwa, na mwenye kibanda atalazimika kuwafukuza ili waliopanga foleni ya mechi waingie.