Ukuta wa Udongo Nao ni Urithi

Tukitaja urithi, kichwani huja jiwe: Fort Jesus, msikiti wa Gede, daraja la kale. Udongo je?

Wikendi moja nilipanda matatu Kitale, nikashuka Webuye. Kitale kuna makavazi yaliyoanza 1926 kama mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, mpenzi wa wadudu na vitabu. Alifariki 1966, akaacha vyote viwe vya umma, na jengo la sasa likafunguliwa 1974. Poa sana. Hata kipepeo wa mlowezi alipata paa.

Webuye, juu mlimani, kuna Chetambe. Hapo 1895 Wabukusu walitumia handaki na kuta za udongo kujikinga na jeshi la Charles Hobley. Walishindwa, mkuki haukuweza bunduki. Hobley akaandika kumbukumbu zake, kitabu kikatoka 1929. Aliyeshambulia ana kitabu. Walioshambuliwa wana mtaro na hadithi za wazee.

Sasa soma sheria. Ile ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inahesabu kifaa kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kwani 1895 kulikuwa na nini? Ndio mwaka Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Yaani ukale wetu unakoma mgeni anapobisha hodi. Mkuki uliofuliwa 1894 ni wa kale. Uliofuliwa mwaka wa vita vyenyewe unangoja waziri autangaze.

Najua kuna msee atasema udongo haudumu, heri tulinde mawe. Hapo ndipo napinga. Jiwe unaweza kulisahau miaka mia na ulikute limesimama. Udongo unadai mikono kila msimu wa mvua. Kwa hivyo ukitaka kujua kama watu wanajali historia yao, usiangalie jiwe. Angalia udongo.

Nami nisijitoe lawamani. Kukhu alinisimulia Chetambe tukipukuchua mahindi: nani alikimbia, nani alibaki, ng'ombe walikoenda. Nilikuwa na simu mkononi, na ilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilirekodi video za densi. Leo nikisimama juu ya ule mtaro, namkumbuka akicheka, lakini majina aliyoyataja siyakumbuki hata moja.