Kibarua cha Jack Hobbs

Jack Hobbs aliajiriwa kupiga mpira. Tangu 1905 hadi 1934, ukitoa miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, kaunti ya Surrey ilimlipa asimame mbele ya vijiti vitatu vya wiketi, avilinde kwa gongo la mbao, na kila akipata mwanya akimbilie upande wa pili wa ukanda wa yadi 22. Hapo amepata mkimbio mmoja. Alipotundika gongo alikuwa amekusanya 61,237. Wapo wanaosema ni 61,760, na senchuri zake, yaani zamu alizofikisha mikimbio mia, 199 badala ya 197, kwa sababu wanajumlisha mechi za ziara moja ya India na Ceylon. Wapenzi wa kriketi hubishania mambo haya kwa uchungu ambao mtu wa nje hauelewi. Shika hesabu uipendayo, hakuna aliyemfikia.

Wanaomsifu huanzia hapo, kwenye tarakimu. Mimi kinachonivuta ni kwamba Hobbs alipiga kama mtu aliye kazini, na nadhani ndiyo maana alipiga vizuri kuliko waliokuwa wakicheza kwa raha zao.

Maana walikuwapo waliocheza kwa raha. Kriketi ya Uingereza wakati huo iligawanyika mafungu mawili: waungwana, wasiolipwa mshahara na ambao ndio waliotoa manahodha, na wachezaji wa kulipwa, ambao wengi walikuwa watoto wa watu wa kawaida. Viwanja vingi viliwatengea vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, pengine hata mageti tofauti ya kuingilia uwanjani. Hata herufi za majina zilikuwa na tabaka: mwungwana zake zilitangulia, wa kulipwa zake zikafuata nyuma ya ukoo. Mwaka 1950, kwenye uwanja wa Lord's, kipaza sauti kilikatiza mchana wa watu kutangaza kwamba karatasi ya majina ina kosa: F. J. Titmus isomeke Titmus, F. J. Kijana wa watu alikuwa wa kulipwa.

Hobbs alizaliwa Cambridge mwaka 1882, kifungua mimba wa watoto 12. Baba yake alikuwa mtunza uwanja wa Jesus College, na mtoto alijifunza kupiga kwa kijiti chembamba cha wiketi na mpira wa tenisi, kwenye changarawe, akicheza na watumishi wa chuo. Hakuwa na kocha. Anayezoea kulenga mpira kwa kijiti chembamba, jicho lake halikubali uzembe. Aliomba nafasi kaunti ya Essex, hawakumpa. Tom Hayward, mpigaji mkubwa wa Surrey ambaye naye alitoka Cambridge, ndiye aliyemfungulia mlango. Mechi yake ya kwanza, Jumatatu ya Pasaka 1905, nahodha wa wapinzani alikuwa W. G. Grace mwenyewe, jabali la kriketi ya Uingereza, na Hobbs akapata 18 na 88. Mechi yake ya kwanza ya ligi akakutana na Essex hao hao. Akawatandika 155.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Mechi moja siku tatu, kisha kituo cha treni, kisha mji mwingine, siku sita kwa wiki, tangu Mei hadi mwisho wa Agosti. Majira ya baridi kila mtu na lake: Hobbs alichukuliwa na timu ya taifa kwenda Australia na Afrika Kusini, mwenzake wa Surrey, Andy Ducat, alicheza kandanda na mwaka 1920 akaiongoza Aston Villa kutwaa Kombe la FA. Wengine walitafuta vibarua tu. Tegemeo la uzeeni lilikuwa mechi ya mafao, mechi moja ambayo klabu ilimpa mtumishi wake wa miaka mingi achukue mapato ya mlangoni. Ikinyesha siku hiyo, basi tena. Ya Hobbs iliangukia Agosti 1914. Vita vikazuka, jeshi likautwaa Oval, uwanja wa Surrey, mechi ikahamishiwa Lord's na makusanyo yakawa haba, hata Surrey ikaona imtengee nyingine baada ya vita. Mwenzao wa Kent, James Seymour, aliandamwa na watu wa kodi kwa fedha za namna hiyo hadi ngazi ya juu kabisa ya mahakama, na akashinda mwaka 1927.

Sasa twende kwenye ufundi, kwa kuwa ndio ulionifanya nishike kalamu.

Enzi zile ukanda haukufunikwa mechi ikishaanza. Mvua ikinyesha usiku na jua likatoka asubuhi, udongo hushika ganda juu na kubaki tope chini. Mpira ukidunda hapo hujui: huu unaruka kooni, huu unakata kona, huu unalala. Timu nzima iliweza kuteketea kabla ya chakula cha mchana. Agosti 1926, pale Oval, mechi ya mwisho ya England na Australia, mvua ilinyesha usiku Hobbs na mpigaji mwenzake Herbert Sutcliffe wakiwa bado kwenye zamu yao. Asubuhi wakaingia. Hobbs alichofanya hakikuwa na mbwembwe: aliungoja mpira mpaka dakika ya mwisho kabisa, akarudi nyuma kuelekea wiketi zake ili apate muda wa kuutazama ulivyodunda, na akalegeza mkono wa chini kwenye mpini. Mkono ukilegea, mpira ukigusa gongo hufia miguuni. Ukikazwa, huo huo unaruka na kutua kwenye viganja vya adui anayenyemelea hatua tatu mbele yako. Tofauti ya kubaki na kutoka ni nguvu ya vidole viwili. Walikusanya 172 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka, yaani kabla mmoja wao hajatolewa. Hobbs akatoka na 100, Sutcliffe akafika 161, na England ikashinda kwa mikimbio 289. Inasimuliwa kwamba Hobbs alijifanya anahangaika mbele ya mrushaji Arthur Richardson ili nahodha wa Australia asimwondoe mrushaji huyo. Sijui kama ni kweli, lakini mzaha huo unamfaa.

Kabla ya hapo, 1909 na 1910, alikuwa amekwenda Afrika Kusini kukabili warushaji wa mpira wa hila, unaozunguka kinyume cha unavyotarajia. Wenzake waliusubiri udunde ndipo wakisie. Hobbs aliusoma ukiwa bado mkononi mwa mrushaji, kwenye kiwiko na kifundo. Alipata 539 katika mechi tano.

Na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wapenda takwimu: mara nyingi akishafikisha mia, aliitupa wiketi yake, yaani alijiachia atolewe, ikiwezekana kwa mrushaji aliyemwona amestahili, wenzake nao wapate zamu. Kazi ya siku imekwisha. Angeamua kung'ang'ania, hizo 61,000 zingekuwa mbali zaidi.

Ndiyo maana majira ya 1925 yalimchosha. Alibakiwa na senchuri moja kuifikia rekodi ya Grace ya 126, na kwa wiki kadhaa waandishi wa habari walimfuata uwanja hadi uwanja huku mia ikimkwepa. Mwishowe, Taunton, dhidi ya Somerset, alifunga 101 akaifikia. Siku ya pili akafunga 101 nyingine akaipita. Nahodha wake, Percy Fender, mwungwana, alimletea glasi mwenyewe hadi katikati ya uwanja. Umati ulidhani ni shampeni. Ilikuwa soda ya tangawizi.

Senchuri yake ya mwisho aliipata Old Trafford mwaka 1934, akiwa na miaka 51, katika mechi ya mafao ya George Duckworth wa Lancashire: aliahidi angekuja, akaja, akapata 116. Karibu nusu ya senchuri zake zote alizipata baada ya kutimiza 40. Mwaka 1953 akawa mchezaji wa kwanza wa kulipwa katika kriketi kupewa cheo cha Sir, na bado alikuwa na duka lake la vifaa vya michezo Fleet Street. Mgawanyiko wa waungwana na wachezaji ulifutwa mwishoni mwa 1962. Hobbs alifariki Desemba 1963.

Ajira ya kaunti ingalipo. Mwaka 2003 ilimchukua hata Mkenya Collins Obuya, aliyekwenda Warwickshire baada ya kuwazungusha Sri Lanka jijini Nairobi kwenye Kombe la Dunia. Lakini ligi ya siku nne sasa ina mechi 14 tu kwa msimu, wapigaji wenye majina hukodiwa India kwa mechi za saa tatu, na tone la kwanza likianguka, vijana wa uwanja hukimbia na turubai. Ukanda hubaki mkavu. Ule mkono uliolegea, sidhani kama kuna kocha anayeufundisha kwa ajili ya tope.