Kuijua Kerneli kwa Kifungashio Chake

Fundi mgeni akiliona faili lenye jina bzImage, mara nyingi hudhani limebanwa kwa bzip2. Amekosea. Herufi "b" imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "kubwa", na asili yake ni shida ya nafasi. Zamani kerneli ya Linux kwenye kompyuta za x86 ilifungashwa kama zImage, ikapakiwa kwenye kumbukumbu ya chini ya kilobaiti 640. Kerneli ikinenepa kupita takriban kilobaiti 512, hata baada ya kubanwa, haikuingia. Ndipo bzImage ikaja, ikapakiwa juu ya megabaiti 1, kwenye nafasi tele. zImage ya x86 iliondolewa kabisa mwaka 2009.

Kwa hiyo mjuzi haamini jina. Hata vmlinuz, linaloonekana kwenye folda ya /boot, ni jina tu la kuhifadhia. Yeye huanza na amri ya file, inayosoma vichwa vya faili na kutaja aina na toleo. Kisha hufungua faili la usanidi lililo jirani, lenye jina linaloanza na config, kutazama mbinu ya kubania iliyochaguliwa.

Hapo ndipo ladha hutofautiana. Kubana hufanywa mara moja, kufungua hufanywa kila mashine inapowashwa. XZ hutoa faili dogo sana lakini hufunguka polepole. Inafaa kifaa chenye hifadhi finyu, kama ruta ya nyumbani. LZ4 huacha faili nono zaidi, ila hufunguka upesi, na Ubuntu 19.10 iliichagua kwa sababu hiyo. Zstd, iliyoingia kwenye toleo 5.9 la kerneli ya Linux mwaka 2020, hukaa katikati.

Baada ya mbinu ya kubania, swali la pili: nani atafungua?

bzImage hubeba mfunguzi wake ndani. Image.gz ya kompyuta za ARM64 haina, hivyo programu ya kuwashia ndiyo ifungue. Isipoweza, mashine haiwaki, hata kama mbano ni safi kiasi gani. Kwenye vifaa vinavyotumia U-Boot, mojawapo ya programu hizo za kuwashia, kifungashio cha uImage huongeza kichwa cha baiti 64 chenye anwani ya kupakilia na namba ya uhakiki. Namba hiyo hugundua faili lililoharibika, lakini haimzuii mtu aliyelichezea makusudi, maana anaweza kuikokotoa upya. Anayehitaji ulinzi huo hutafuta muundo wa FIT, unaokubali saini ya kidijitali na kubeba kerneli kadhaa kwa pamoja.

Wapo pia wanaokataa mbano wenyewe. Firecracker, programu ya Amazon ya kuendesha mashine pepe ndogo, kwenye x86 hupewa vmlinux, kerneli isiyobanwa. Mashine hizo huwashwa na kuzimwa kwa wingi, na diski si haba. Kila milisekunde ya kufungua mzigo ingekuwa hasara tupu.