Hotspoti ugenini: mtandao unajua, laptopu haijui, anayelipa ni wewe

Ushauri huu umeshausikia, na pengine umeshautoa wewe mwenyewe: "Ukifika kule washa romingi, washa hotspoti, laptopu itapata intaneti, umemaliza." Si uongo. Hotspoti itawaka, laptopu itaunganika, barua pepe zitaingia. Shida inakuja dakika chache baadaye, pale bando la wiki nzima linapokwisha kabla chai haijapoa, na wewe hujafungua hata video moja. Ukilalamika, jibu lipo tayari: "Wewe hujui kutumia simu."

Mimi nalipinga jibu hilo. Tukifuata data inakopita, hatua kwa hatua, tutaona kwamba sehemu kubwa ya lawama inastahili kwenda kwa walioitengeneza swichi ile na walioipangia bei. Taarifa ya muhimu kuliko zote, yaani "hii data ni ghali", inapotea mahali pale pale ambapo ungeihitaji.

Ukibonyeza, nini kinatokea?

Simu yako inageuka ruta. Redio moja inaongea na mnara, nyingine inatoa Wi-Fi. Ile ya Wi-Fi hairuhusiwi kusinzia, kwa sababu inapaswa kujitangaza, "nipo hapa, jina langu ni fulani", takriban mara kumi kila sekunde, hata kama hakuna anayesikiliza. Ndiyo maana simu inapata moto na chaji inashuka huku umeiweka tu mezani.

Sasa itazame hali hiyo kwa macho ya laptopu. Yenyewe inaona jina la Wi-Fi na neno la siri, basi. Nyuma ya jina hilo kunaweza kuwa na nyaya za chuo zisizo na kikomo, au laini ya Tanzania inayotumia minara ya watu huko Guangzhou. Kwa laptopu ya kawaida hakuna tofauti. Kwa hiyo inafanya yale yale inayofanya ukiwa maktaba ya chuo: inashusha masasisho, inapandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, inasasisha kinga ya virusi, inalinganisha mafaili. Yote kimya kimya, bila kukuuliza.

Piga hesabu kwa bei ya mfano tu. Tuseme ukiwa nje unatozwa shilingi 50 kwa MB moja. Sasisho la MB 600, ambalo si kubwa hata kidogo kwa kompyuta za leo, ni shilingi 30,000. Hujabonyeza chochote. Hujakosea chochote.

Utasema: labda haiwezekani laptopu kujua. Inawezekana. Simu za Android zinapotoa hotspoti, wakati wa kukipa anwani kifaa kinachounganika, huambatanisha ujumbe mfupi wenye maneno ANDROID_METERED, maana yake "mtandao huu unapimwa, tumia kwa adabu". Simu nyingine ya Android ikiusoma ujumbe huo inajizuia yenyewe. iPhone nayo ikiunganika kwenye hotspoti ya iPhone nyingine huihesabu kuwa njia ya gharama. Kumbe wahandisi waliliona tatizo, na dawa yake ni maneno machache tu.

Lakini dawa hiyo inafanya kazi ndani ya ukoo mmoja. Chukua simu ya Android na laptopu ya Windows, jozi ambayo wanafunzi wengi tunayo. Simu inasema, laptopu haisikii. Windows ina mpangilio wa kuutaja mtandao kuwa unapimwa, ila kwa kawaida inakusubiri wewe uingie kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo na kuuwasha kwa mkono. Yaani ulinzi upo, lakini umefungiwa chumba cha ndani, na ufunguo anao yule tu aliyeshasoma makala kama hii.

Ila mtandao wenyewe unajua

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Wakati laptopu haijui kwamba iko kwenye mtandao wa gharama, kampuni ya simu ina njia za kujua kwamba nyuma ya simu yako kuna laptopu.

Njia mojawapo ni hii. Kila pakiti ya data hutoka ikiwa na namba inayopunguzwa moja kila inapopita kwenye ruta. Iliwekwa ili pakiti iliyopotea njia isizunguke milele. Android huanza na 64, Windows huanza na 128. Pakiti iliyozaliwa ndani ya simu yenyewe inaingia mtandaoni na 64 yake kamili. Iliyotoka kwenye laptopu ya Windows na kupita kwenye simu inafika na 127. Mtandao ukiona 127 unaelewa mara moja: huyu amewasha hotspoti.

Na taarifa za namna hii zimetumika. Nchini Marekani, kampuni ya Verizon Wireless iliwahi kutoza ada ya ziada kwa hotspoti, na ikaiomba Google iziondoe machoni pa wateja wake programu zilizowasaidia kuikwepa ada hiyo. Julai 2012 ilikubali kulipa dola milioni 1.25 ili kumaliza uchunguzi wa mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC. Nchini Ujerumani, Vodafone ilikuwa na vifurushi ambavyo baadhi ya programu hazikuhesabiwa kwenye bando lako, lakini ukizipitisha kwenye hotspoti zinahesabiwa, na ukiwa nje ya nchi pia zinahesabiwa. Tarehe 2 Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema masharti hayo hayakubaliki, kwa kuwa hata msingi wake, yaani kuzipendelea baadhi ya programu, unakiuka sheria ya intaneti huru.

Kampuni zina hoja yao, na tuisikilize. Laptopu hula data nyingi kuliko simu, na mnara mmoja unahudumia watu wengi. Sawa. Lakini bando tayari linahesabiwa kwa GB. Kwa mnara, GB moja ya laptopu na GB moja ya simu zina uzito ule ule. Ukishanilipisha kwa kilo, usinidai tena kwa sababu ya mfuko niliobebea.

Ukiziweka taarifa hizi mbili pamoja utaona kasoro yenyewe: habari ya kumsaidia anayetoza inasafiri vizuri sana, habari ya kumsaidia anayelipa inaishia njiani. Hakuna sheria ya fizikia inayolazimisha hivyo. Ni uamuzi wa watu.

Kwa nini inakwenda polepole hivi?

Kuna lawama nyingine anayotupiwa mtumiaji: "simu yako ni ya bei rahisi, ndiyo maana hotspoti inasuasua." Si lazima iwe hivyo. Ukitumia laini ya nyumbani ukiwa ugenini, kwa kawaida data yako haiingii intaneti pale ulipo. Inapitishwa kama kwenye handaki mpaka kwa kampuni yako nyumbani, inatokea huko, halafu majibu yanarudi kwa njia ile ile.

Tuseme uko Guangzhou na laini ya Dar es Salaam, na ukurasa unaoutaka uko kwenye seva ya Hong Kong, jirani kabisa. Ombi lako linakwenda Dar es Salaam, kama kilomita 8,700 kwa mstari ulionyooka, linageuka mpaka Hong Kong, jibu linarudi Dar es Salaam, kisha ndiyo linakuja kwako. Jumla ni kilomita 35,000 hivi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari moja haiwezi kupungua sekunde 0.17, na kebo za kweli hazipiti mstari ulionyooka. Ukurasa mmoja unahitaji safari kadhaa za namna hiyo kabla haujafunguka. Nunua simu ya milioni tatu ukitaka, kasi ya mwanga haitabadilika.

Njia hii ya kuzunguka ina faida yake. China huzuia Google, WhatsApp na huduma nyingine nyingi, lakini kwa kuwa data ya romingi hutokea intaneti nyumbani, huduma hizo kwa kawaida hufunguka kwenye laini ya nje. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda kununua mzigo Guangzhou anaweza kutuma picha za bidhaa kwa WhatsApp, na laptopu iliyo kwenye hotspoti yake hupita njia ile ile. Kwa hiyo ule ushauri mwingine maarufu, "nunua tu laini ya kule", nao haujakamilika. Laini ya kule ni nafuu na ina kasi, ila inakuingiza kwenye intaneti ya kule, na uzio wake.

Bei nayo si ya mbinguni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye romingi mgeni anapewa jembe akiwa bado mlangoni. Je, ni lazima?

Historia inasema hapana, na sehemu ya historia hiyo ni ya kwetu. Mwaka 2006 Celtel ilianzisha One Network: mteja wa Kenya, Uganda au Tanzania akivuka mpaka alipiga simu kwa bei za wenyeji na kupokea bila malipo. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Rwanda na Uganda zikaanza kutekeleza mpango wa kuondoa tozo za ziada kwenye simu za romingi baina yao. Kilio cha data, ambacho ndicho kilio cha mwenye hotspoti, kikabaki nyuma.

Umoja wa Ulaya uliligusa hilo la data. Tangu tarehe 15 Juni 2017 anayesafiri ndani ya Umoja hutumia bando lake kwa bei ya nyumbani, kwa kipimo cha matumizi ya kawaida, na kanuni hiyo imeongezwa muda mpaka 2032. Nyuma ya pazia kuna ukomo wa bei ambayo kampuni moja inaweza kuitoza nyingine: mwaka 2017 ulikuwa euro 7.70 kwa GB, mwaka 2022 ukafika euro 2, na unapangwa kufika euro 1 mwaka 2027. Minara inayowahudumia wageni imeendelea kufanya kazi.

Kinachonivutia zaidi ni kanuni ndogo ya 2010: gharama za data ugenini zikifika asilimia 80 ya ukomo, mteja anaonywa. Zikifika euro 50 kabla ya kodi, data inakatwa mpaka yeye mwenyewe aseme endelea, isipokuwa awe ameomba ukomo mwingine. Huo ni usanifu unaomfikiria anayelipa. Ulinzi umewashwa tangu mwanzo, na asiyeutaka ndiye anayeuzima.

Mpaka hapo watakapobadilika

Kazi ambayo swichi ingepaswa kukufanyia, ifanye mwenyewe kabla ya kupanda ndege:

- Ukiwa bado nyumbani, unganisha laptopu kwenye hotspoti yako, kisha itaje Wi-Fi hiyo kuwa mtandao unaopimwa. Laptopu italikumbuka jina hilo. Ukibadilisha jina la hotspoti, rudia.
- Zima hifadhi ya picha na mafaili ya mtandaoni kwenye laptopu. Si programu zote zinazouheshimu mpangilio ule.
- Ikiwezekana tumia waya wa USB badala ya Wi-Fi. Redio moja inapumzika, simu inapata chaji, na hakuna wa kudandia. Angalia tu mpangilio wa kupimwa tena, maana laptopu huuona waya kama mtandao mpya.
- Weka kikomo cha data kwenye simu yenyewe, si onyo tu.
- Kama simu ina laini mbili, ya nyumbani ibaki kwa ujumbe wa benki na pesa za simu, data yake ikiwa imezimwa. Ya kule, au eSIM, ibebe data. Kwa China, pima kwanza unahitaji huduma zipi.

Lakini orodha hii isitufanye tusahau madai. Hotspoti yoyote iweze kukiambia kifaa chochote kwamba data hii inapimwa, na kifaa kisikie, bila kujali ukoo wake. Kikomo cha matumizi ugenini kiwe kimewashwa tangu mwanzo. Na bei ya romingi iandikwe kwa GB, pale pale kwenye swichi, kabla ya kidole kuigusa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji uvumbuzi mpya.

Siku nyingine mtu akirudi safari na bando limeyeyuka, usianze kwa kumwambia hajui kutumia simu. Muulize kwanza: ile swichi ilikuambia nini?