Koleo la Kereng'ende wa Pemba

Kiswahili kinamwita kereng'ende tu, awe yule mnene anayezunguka juu ya madimbwi au huyu mwembamba kama chelewa, anayekunja mabawa mgongoni akitua. Huyu wa pili anaishi kwenye msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa Pemba. Mwaka 2007 Klaas-Douwe Dijkstra, Viola Clausnitzer na Andreas Martens walimtangaza kuwa spishi mpya, Platycnemis pembipes. Walijuaje kuwa ni mpya?

Jicho la mgeni hukimbilia miguu. Katika ukoo huu madume wengi wana miundi iliyobapa kama unyoya, na hata jina pembipes limebeba neno la Kilatini la mguu. Lakini miguu ya namna hiyo utaikuta kwa jamaa zake Ulaya, Afrika bara na Madagaska. Inakuonyesha ukoo, haikuonyeshi mtu. Rangi nayo haiaminiki sana, kwani mdudu akishakufa hufifia au kuwa nyeusi. Ndiyo maana wakusanyaji humpiga picha angali hai, kisha humlowesha kwenye asetoni kabla ya kumkausha na kumtia kwenye bahasha ya karatasi.

Ushahidi wenyewe uko kwenye ncha ya mkia. (Tuuite mkia, ingawa kwa kweli ni tumbo refu.) Dume ana vijikono vinne pale mwisho, viwili juu na viwili chini, na kwa vijikono hivyo humkaba jike shingoni wakati wa kupandana. Ni koleo dogo ajabu, huwezi kulisoma bila lenzi. Unalitazama kutoka juu, halafu ubavuni: kijikono kipi kirefu, kipi kimepinda, wapi pana jino. Shingo ya jike nayo ina migongo na mabonde yanayopokea koleo hilo. Umbo hili hutofautiana kati ya spishi na spishi, hata pale mabawa na rangi zinapofanana.

Sasa ulinganishe na nani? Hapa ndipo kazi hii inaponipendeza. Bara liko umbali wa kilomita 50 hivi, na ungetarajia ndugu zake wawe huko. Lakini ndugu zake wa karibu walionekana kuwa Madagaska, zaidi ya kilomita 1,000 baharini. Leo anaitwa Proplatycnemis pembipes, wa jenasi ya Madagaska, Komoro na Pemba. Anayemtazama huku ameshika vielelezo vya bara peke yake angeona kuwa hafanani na yeyote, lakini asingejua ametoka wapi.

Wala si peke yake. Popo mkubwa wa Pemba ni wa jenasi isiyopatikana Afrika bara, na mnazi-mwitu uitwao mpapindi una jamaa Madagaska. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, tofauti na ule wa Unguja, kwa hiyo si rahisi kudhani kuwa mababu zake walivuka kwa nchi kavu kutoka bara. Mimi naona upepo wa kusi ndio uliowabeba mababu wa kereng'ende huyu, ingawa hiyo ni dhana yangu.

Ukienda Ngezi na simu, usihangaike na mabawa. Msogelee taratibu, upige picha ncha ya mkia kutoka juu na ubavuni, na umwache aruke.